Uzi: Ukinunua fleti Magongo, unanunua nini hasa?

Uzi mrefu kidogo, chukua chai. Wanaonifuata wanajua kanuni ya hapa: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukitaka kumtukana mtu kuna nyuzi nyingi tu, nenda huko.

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu, ambaye anaishi Rotterdam tangu mimi sijazaliwa, alituma picha kwenye kundi la familia. Fleti ya vyumba 2, ghorofa ya 4, Magongo, bado inajengwa. Chini yake ameandika: "Nimechoka kulipa kodi za watu. Nataka changu nyumbani. Mnaonaje mtaa?"

Kundi ambalo hulala mpaka mtu afariki likaamka lote. Amu yangu akasema Magongo ni pazuri, uwanja wa ndege uko karibu, stesheni ya SGR ya Miritini nayo si mbali, nunua. Binamu akasema malori yatamuua kwa kelele na vumbi, na maji atanunua kwa mitungi. Mke wa amu akaandika kwamba fleti hizo ni za wabara, yeye hawezi kuishi humo. Binamu mwingine akamjibu: wabara gani, mama, na babu yetu alitoka Kitui? Hapo pakawaka. Emoji, sauti za dakika 3, mtu mmoja akatoka kwenye kundi, akarudishwa.

Nyanya hana simu ya kuonyesha picha. Nilimsomea mimi mwenyewe, uani, akiwa anachambua mchicha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo ghorofa imekaa juu ya ardhi ya nani?"

Nimekaa na swali hilo siku 14 sasa. Nasomea siasa chuo kikuu, na mjadala wa nyumba Mombasa nimeusikia redioni, barazani na kwenye mikutano ya kampeni tangu nikiwa mdogo. Karibu kila mara tunagombana kuhusu ghorofa ilivyo, bei yake na kabila la anayeishi ndani. Ardhi iliyo chini tunairuka. Na huwezi kuelewa kwa nini majirani wa Magongo wana maoni 10 kuhusu jengo moja mpaka uelewe kilichotokea kwenye hiyo ardhi.

Twende.

Nyumba ya nyanya ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida. Ukumbi katikati, vyumba 3 kulia, 3 kushoto, uani nyuma na choo na jiko. Babu aliijenga miaka ya 60. Alikuja Mombasa kijana akitafuta kazi, akapata kibarua kwenye ujenzi wa kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, kile kilichofunguliwa 1963. Akamuoa nyanya, ambaye kwao ni Rabai. Vyumba 2 wakakaa wao, 4 wakapangisha vijana wa bandarini.

Kila mwezi nyanya huwakusanyia wapangaji wake kodi ya vyumba. Na kila mwezi kuna mtu huja kumkusanyia nyanya kodi ya kiwanja. Maana nyumba ni yake, ardhi si yake. Ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja.

Wasio wa Pwani wakisikia hivi hudhani natania. Mpaka leo, Mombasa watu huuziana nyumba na kwenye karatasi imeandikwa wazi kwamba kinachouzwa ni nyumba bila ardhi. Unanunua kuta, mabati, milango na haki ya kuendelea kulipa kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi anaweza kuwa anaishi kisiwani, Nairobi au nje ya nchi kabisa, na kuna nyumba ambazo watu wake hawajawahi kumwona uso, wanamjua mkusanyaji tu.

Mpangilio huu ulianzaje? Watu wengi hupenda kuanza na mkoloni, lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Katika sheria ya Kiislamu iliyotumika pwani hii, ardhi na kilicho juu yake vilikuwa vitu viwili. Unaweza kumiliki minazi 20 kwenye shamba la mtu mwingine. Unaweza kujenga kwenye ardhi ya jamaa kwa ruhusa yake, na nyumba ikarithiwa na watoto wako bila ardhi kuwa yako. Palipo na watu wanaojuana na ardhi ya kutosha, mambo yalikwenda. Sheria ya Kiingereza ilikuja na fikra tofauti: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Fikra hizi mbili zikawekwa nyumba moja, na hazijawahi kusikizana.

1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili 10 wa pwani kwa malipo ya kila mwaka. Magongo iko ndani ya ukanda huo. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, ikavuka kutoka kisiwani na kupita Changamwe. Ardhi ambayo juzi ilikuwa ya mihogo na minazi ikaanza kuwa na bei.

Halafu 1908. Kama kuna mwaka mmoja ninaoomba uukariri kutoka kwenye uzi huu, ni huo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilisema: kila anayedai ardhi ndani ya ukanda wa pwani aje alete madai yake, yapimwe, yasajiliwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni.

Kwa masikio ya leo inasikika kama jambo la haki. Njoo na karatasi yako, ondoka na hati yako. Lakini fikiria nani mwaka ule alikuwa na karatasi, au alijua pa kwenda, au alimudu mpimaji. Baadhi ya familia za Waarabu na Waswahili zilipata. Wafanyabiashara wa Kihindi na walanguzi wa Kizungu, ambao walikuwa tayari wananunua, walipata. Jamii zilizoshikilia ardhi kwa ukoo zilikwama, kwa sababu fomu ilitaka jina la mtu na ukoo haukuwa mtu. Hata jina Changamwe lenyewe ni la mojawapo ya Taifa 3 za Mombasa ya kale, Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Na Wamijikenda wengi walihesabiwa kuwa watu wa maeneo ya akiba huko nyuma, hawana cha kudai kwenye ukanda. Mtu alilala kwenye shamba la babu zake, akaamka skwota.

Sheria hiyo ilikaa kwenye vitabu vya Kenya mpaka 2012. Miaka 104.

Sasa ongeza bandari. Kilindini ilihitaji maelfu ya mikono, na mikono hiyo ilihitaji pa kulala. Mwajiri hakutaka kujenga, kwa sababu wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Serikali haikutaka, kwa sababu kwa fikra zake Mwafrika mjini alikuwa mgeni, akimaliza kazi atarudi kwao. 1939 wafanyakazi wa Mombasa wakagoma, na tume iliyoundwa kuchunguza ikakuta nyumba ni mojawapo ya malalamiko makubwa. Januari 1947 wakagoma tena, safari hii karibu watu 15,000, mji ukasimama kwa siku 12. Mshahara ulikuwa kiini, lakini mshahara wenyewe ulikuwa unamezwa na kodi ya chumba. Baada ya hapo zikajengwa nyumba za manispaa hapa na pale. Hazikutosha hata kidogo.

Kwa hiyo nani aliyewapa makao wafanyakazi wa mji huu? Watu kama babu na nyanya. Mwenye ardhi aligawa shamba lake kwa viwanja, akapanga mistari, akatoza kila kiwanja kodi ya mwezi. Hakutoa mkataba wa miaka. Aliyetaka akajenga kwa fedha zake, udongo na boriti kwanza, matofali baadaye. Mwenye ardhi hakutumia senti kujenga, na akawa na kipato. Manispaa ikapata watu wa kufanya kazi bila kujenga nyumba. Mjenzi akapata paa na wapangaji. Wote walifurahi, na hatari yote ya kesho ikabaki kwa mmoja tu. Ukisikia mtu anasema nyumba za Kiswahili za Changamwe ni uchafu unaopaswa kufagiwa, mkumbushe kwamba ndizo zilizoiendesha bandari kwa miongo kadhaa.

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Wengi wa pwani walidhani hapo ndipo hesabu ya 1908 ingefanywa upya. Lakini Oktoba mwaka huohuo, ili ukanda wa maili 10 uingie Kenya bila ugomvi, serikali za Kenya, Zanzibar na Uingereza na Sultani walikubaliana, na katika barua zilizobadilishana ikawekwa ahadi kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa daima. Soma tena. Bendera ilibadilika, cheti cha 1908 kikabaki. Kwenye mijadala ya televisheni utamsikia mtu akisema "serikali iliyofuata ilitusahau". Haikusahau. Ilikuwa imetia saini.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la wabara, maana ndilo lililovunja kundi letu la familia.

Hisia hiyo haikuzuka kwa chuki tu. Mtu akiona ardhi aliyoambiwa ni ya mababu ina hati yenye jina asilolijua, na kazi za bandarini zina majina asiyoyajua, ataunganisha mambo. Wanasiasa wa kila rangi wanajua hivyo na wanaitumia kila miaka 5. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, Likoni ilishambuliwa, kituo cha polisi kikavamiwa, watu wa asili ya bara wakauawa na maelfu wakahama. Tume ya uchunguzi iliundwa baadaye. Wazazi wa wenzangu wengi hawapendi kuzungumzia mwezi ule.

Lakini angalia Magongo. Mbara aliyekuja 1960 akajenga juu ya kiwanja cha kukodi hana ardhi. Mrabai aliyejenga kiwanja cha tatu kutoka kwake hana ardhi. Babu yangu na nyanya yangu walikuwa mmoja wa kila upande, wakalipa kodi ya kiwanja mkono kwa mkono. Mtu anayemiliki ardhi iliyo chini yao wote hayumo hata kwenye ugomvi. Hilo hulisikii jukwaani, sijui kwa nini. (Najua kwa nini.)

Jumamosi nikaenda mwenyewe kuiona fleti ya shangazi. Iko mitaa michache kutoka kwa nyanya. Niliuliza watu pale nje, bila kujifanya mtafiti.

Mama anayeuza viazi karai na mahamri kwenye kona anaipenda ghorofa kupita kiasi. Watu wa fleti wanalipa taslimu, hawakopi. Kijana wa tuktuk vilevile. Mzee mmoja aliyekaa kwenye baraza ya nyumba inayopakana nayo alisema pale pengine palikuwa na nyumba 4 za Kiswahili. Watu wake walipewa kitu kidogo wakahama, mmoja Jomvu, mmoja akarudi Kaloleni, wengine hajui. Nikamuuliza waliokuwa wapangaji wa vyumba walipewa nini. Akacheka. "Hao walipewa wiki."

Dada mmoja anayeishi fleti ya jengo jirani, mwalimu, akasema kitu ambacho sikukitarajia. Yeye amezaliwa Magongo, kwenye chumba cha nyumba ya Kiswahili, choo kimoja watu 23. Hataki kusikia mtu akizisifu nyumba zile. Akasema wanaozililia hawajawahi kupanga foleni ya choo saa 11 alfajiri. Nimeiweka hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa nakaribia kuandika uzi wa kulilia tu.

Basi maoni mchanganyiko ndiyo hayo. Kila mmoja anasema kweli kutoka mahali aliposimama, na wanatofautiana kulingana na tabaka lao kwenye kile kiwanja: mwenye ardhi, mwenye nyumba, mwenye chumba, na sasa amekuja wa nne, mwenye fleti.

Huyu wa nne ndiye shangazi. Yeye anadhani yuko salama kwa sababu ananunua. Hapa ndipo historia inamfuata.

Jengo la fleti ni nyumba ya Kiswahili iliyosimamishwa wima. Kuta zako, ardhi ya nani? Kwa miaka mingi Kenya ununuzi wa fleti ulikuwa wa mkataba wa kupangishwa kwa muda mrefu, na kampuni iliyojenga ikabaki imeshika hati mama ya ardhi. Wapo waliolipa kila kitu wakabaki na makubaliano ya mauziano na ufunguo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ilibadilisha hilo. Sasa kila fleti inaweza kuwa na hati yake, na vitu vya pamoja, yaani ngazi, tangi la maji, maegesho na ardhi yenyewe, vinakuwa vya wenye fleti wote kwa mafungu, kupitia shirika lao. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka kwa serikali, muda uliobaki lazima usipungue miaka 21. Sheria ya zamani ya 1987 ilitaka 45.

Nzuri sana. Lakini hati ya fleti inazaliwa na hati ya ardhi. Kama mama ni mgonjwa, mtoto naye.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa, iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa imenunua kutoka kwa mwingine na ina hati mkononi. Lakini ardhi hapo mwanzo ilikuwa uwanja wa wazi wa umma, na ugawaji wa kwanza, miaka ya 80, haukufuata sheria. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi, lazima mzizi wake uwe halali, na mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema yeye hakujua. Katiba ya 2010 yenyewe, kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali haugusi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Septemba mwaka huohuo mahakama hiyohiyo, kwenye kesi nyingine ya Nairobi, ikasema barua ya kugawiwa ardhi si hati.

Kwa wapwani wengi hukumu ya Nyali ilikuwa tamu. Hatimaye mtu anauliza hati ilitoka wapi! Mimi pia nilifurahi. Lakini ona inavyokata. Mahakama inachimba mpaka kwenye ugawaji uliovunja sheria ya wakati ule. Hati ya 1908 ilitolewa kwa kufuata sheria ya 1908. Dhuluma yake ilikuwa ndani ya sheria. Kwa hiyo aliyenyakua 1989 anaweza kung'olewa, aliyepata 1910 amekaa imara. Njia ya kumfikia wa pili iko kwenye kipengele cha dhuluma za kihistoria za ardhi, Tume ya Taifa ya Ardhi, au serikali kununua kwa fedha, kama ilivyofanya Likoni kwa shamba la ekari 930 na kuanza kugawa hati Januari 2016. Kununua, maana yake mlipakodi ndiye aliyelipa.

Na nyanya? Watu huniambia amekaa miaka zaidi ya 50, ardhi si imeshakuwa yake? Kuna sheria ya miaka 12, ndiyo. Ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa yake na bila yeye kukuondoa, unaweza kwenda mahakamani kuidai. Neno linalomnyima nyanya ni "bila ruhusa". Yeye alipewa ruhusa, akailipia kila mwezi. Ana kopo la biskuti limejaa risiti za kodi ya kiwanja tangu babu yuko hai, amezifunga kwa uzi mwaka kwa mwaka. Siku zote alinionyesha kama ushahidi wake. Nilipoisoma sheria hiyo mwaka wa pili wa chuo nilirudi nyumbani nikaliangalia kopo lile vingine kabisa. Karatasi zilezile zinazothibitisha amekaa miaka yote hiyo ndizo zinazothibitisha alikaa kama mpangaji. Bado sijamwambia.

Alichonacho kisheria ni kidogo: marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka mtu asiondolewe kwenye ardhi ya binafsi bila notisi ya maandishi ya angalau miezi 3, na anaweza kwenda kortini kuipinga. Miezi 3 kwa zaidi ya nusu karne.

Mtaniuliza, na zile nyumba za bei nafuu tunazokatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye asilimia 1.5, chini ya sheria ya 2024? Je, si dawa? Upande mmoja unasema ni ajira na nyumba, upande mwingine unasema ni kodi kwa jina lingine. Mimi naona kitu cha tatu. Kwa usomaji wangu, ndiyo maana miradi mikubwa ya Mombasa hupelekwa kwenye mitaa ya zamani ya manispaa. Buxton ilibomolewa, na Changamwe, Likoni, Tudor, Mzizima na Khadija zimekuwa kwenye orodha ya kaunti. Pale ardhi ni ya umma, hakuna kumtafuta mwenyewe. Kwenye Magongo ya viwanja vya kukodi, ambako watu wengi ndiko wanakoishi, hakuna serikali inayotaka kuingia mkono. Huko kameachiwa kajenzi ka fleti na ajenti mwenye simu 2.

Shangazi alinijibu kitu kizuri. Akasema hata Uholanzi, Amsterdam, nyumba nyingi zimekaa juu ya ardhi ya mji, mtu anamiliki fleti na analipia ardhi. Nikaenda kusoma, ni kweli. Amsterdam ilianza mpango huo 1896, mwaka uleule reli yetu ilianza kujengwa. Nilicheka peke yangu maktaba. Nyumba bila ardhi, wallahi! Tofauti ni kwamba mwenye ardhi ni mji wenyewe, mkataba umesajiliwa, una masharti yanayojulikana na benki inaukubali kwa mkopo. Huko nako wanagombana sana kuhusu kiasi cha kulipia ardhi, lakini wanagombana wakiwa na karatasi.

Akaniambia pia kwamba tangu 2022 sheria yao inaruhusu miji, Rotterdam ikiwemo, kuamua kwamba kwenye mitaa fulani ukinunua nyumba usiipangishe kwa miaka 4, uishi mwenyewe, ili wenye fedha wasinunue mtaa mzima na kuwapangisha waliokuwa wanunue. Nikamuuliza: shangazi, hiyo ya Magongo utaishi wewe? Akanyamaza. Kisha akaandika, "Mwanangu, nitakuja nikistaafu." Ana miaka 10 ya kazi mbele yake. Mpaka hapo atapangisha, bila shaka, na sioni kosa lake. Lakini kumbe yeye naye ni sehemu ya mjadala, si mtazamaji.

Anayefikiria kununua huku, mambo niliyomwandikia ni haya. Mwambie wakili, wako wewe, si wa muuzaji, afanye sachi kwenye afisi ya ardhi na afuate hati nyuma mpaka ilipoanza. Akikuletea jina la mwenye hati wa leo tu, hajamaliza kazi. Uliza kama ramani ya mgawanyo wa jengo imesajiliwa au ni ahadi. Uliza muda uliobaki kama ardhi ni ya kukodi. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, uweke kwenye hesabu. Kama ulichukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 2010 na hujaomba urudishiwe wa Kenya, wewe ni mgeni kisheria, na mgeni hapati zaidi ya miaka 99 ya kukodi. Na uliza walioishi pale waliondokaje, kwa notisi au kwa tingatinga, kwa sababu wakiwa na kesi mahakamani utairithi wewe.

Shangazi alimtumia ajenti maswali yote hayo Jumatatu. Ajenti akajibu kwa sauti ya sekunde 9: kila kitu kiko sawa mama, ila kuna mtu mwingine anaitaka hiyo fleti, ukichelewa Ijumaa inaondoka. Ijumaa imepita. Fleti bado ipo, juzi amempunguzia bei. Shangazi hajalipa. Anasema anasubiri wakili, ingawa najua usiku huwa anaifungua ile picha, kwa sababu huituma tena kwenye kundi bila maneno.

Jana jioni nilipita kwa nyanya kumpelekea dawa. Nikamuuliza tu, kwa mazoea, mkusanyaji wa kodi ya kiwanja amepita mwezi huu? Akasema hajapita. Mwezi uliopita je? Hakupita. Na ule wa kabla yake alipita, lakini alikataa kupokea, akasema ameambiwa asubiri kwanza.

Nyanya amezitia zile fedha kwenye bahasha, ameandika miezi juu yake, ameiweka ndani ya kopo.